Chupa za ugoro za China: ufundi uliopita katika tundu la kizibo

Kalibu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kila zinapowekwa humu picha za vichupa vya kale vya Kichina, hawakosekani wachangiaji wanaoviita vichupa vya manukato, vya wanja, na wakati mwingine hata vya uganga. Vingi kati ya hivyo ni vichupa vya ugoro, navyo vina historia inayostahili uzi wake peke yake. Nitaandika kwa kirefu, kwa hiyo mwenye haraka aniwie radhi. Hoja yangu ni kwamba anayetaka kukipima kichupa cha namna hii asihadaiwe na nakshi ya nje. Kazi ngumu imefanyika ndani, kwa kupitia tundu ambalo kwa kawaida halifiki upana wa sentimita moja, na huko ndani ndiko mafundi walikopitana.

Tumbaku iliingia China katika miongo ya mwisho ya karne ya 16, ikishukia pwani ya Fujian kutoka Ufilipino. Watawala wa mwisho wa nasaba ya Ming walijaribu kuupiga marufuku uvutaji wake, na Wamanchu waliotwaa Beijing mwaka 1644 na kusimamisha nasaba ya Qing nao hawakuupenda moshi huo. Ugoro, uliosagwa laini na kutiwa viungo vya harufu kama kafuri, mnanaa na yasmini, ulipokewa vingine kabisa, kwa sababu ulihesabiwa kuwa dawa ya mafua, ya kichwa, ya meno na ya tumbo. Mfalme Kangxi, aliyetawala kuanzia 1661 hadi 1722, aliuchukia uvutaji wa kiko lakini ugoro aliuridhia. Alipozuru Nanjing mwaka 1684, mapadre wawili wa Kijesuiti (shirika la watawa wa Kikatoliki) walimletea zawadi za Ulaya. Nyingine alizirudisha kwa adabu, ugoro akabaki nao. Baadaye ugoro wa Brazili, uliopitia Lisbon na Macau, ukawa miongoni mwa zawadi zilizothaminiwa sana katika ikulu yake.

Wazungu walioleta ugoro huo waliuweka katika tabakelo, yaani kijisanduku chenye kifuniko cha bawaba. Chombo hicho hakikuwafaa Wachina. Kusini kwa China hewa ina unyevu mwingi, na ugoro ulio kwenye sanduku lisilobana hushikana mabonge. Kaskazini majira ya baridi ni makavu, na harufu huruka upesi. Zaidi ya hayo, tayari walikuwa na vichupa vidogo vya kauri vya kutilia dawa za unga na vidonge. Walichofanya ni kukichukua kichupa hicho, kukizibia kwa gome laini linalobana shingo, na kukipachikia kizibo hicho kijiko chembamba cha pembe za ndovu, cha mwanzi au cha madini, kinachofika hadi karibu na kitako. Juu ya kizibo hukaa kofia ya marijani, jade (jiwe gumu la thamani), kioo au jiwe jingine la rangi. Kichupa chenyewe huwa na kimo cha sentimita tano hadi nane hivi, kikaenea kiganjani na kuingia kwenye mkono wa kanzu au katika kijaluba cha hariri kilichofungwa kwenye mkanda. Mwenye nacho alichota ugoro kidogo kwa kijiko, akauweka juu ya ukucha wa dole gumba au kwenye kisahani kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu, kisha akaunusa.

Mwanzoni haya yalikuwa mambo ya ikulu na ya wakubwa wa Beijing. Mwanachuoni Wang Shizhen, aliyeandika katika miaka ya kwanza ya karne ya 18, anataja kuwa mjini humo ugoro husifiwa kwa kung'arisha macho na kukinga maradhi ya kuambukiza, na kwamba hutiwa katika vichupa vya kioo vya rangi nyingi vyenye vijiko vya pembe. Kioo hicho hakikutokea bure. Mwaka 1696 Kangxi alikuwa amemwagiza Kilian Stumpf, Mjesuiti wa Kijerumani, asimamishe karakana ya kioo ya kifalme jijini Beijing, na humo ndimo vilimotoka vichupa vyekundu, vya buluu, vya manjano ya kifalme, na vile vilivyoiga jade na mawe mengine kiasi cha kumchanganya hata mjuzi. Mfalme alivigawa kwa mawaziri, majemadari na wageni. Kupewa kichupa na mfalme kulikuwa cheo, na naamini hiyo ndiyo sababu kubwa iliyovifanya vikaigwa haraka na kila mwenye uwezo.

Kioo cha tabaka ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika kundi hili. Fundi alipuliza kichupa cha kioo cheupe kilichojaa chembechembe na viputo, akakichovya kikiwa bado na moto katika kioo chekundu kilichoyeyuka, kisha kazi ikahamia kwa mkata mawe. Huyo hakutumia patasi. Alikiegesha kichupa kwenye kigurudumu cha chuma kilicholishwa mchanga na maji, akaondoa wekundu wote usiotakiwa mpaka weupe wa chini ukatokea, na juu yake likabaki joka, samaki au tawi la msonobari lililosimama kwa unene wa milimita moja au mbili. Kwenye vingine rangi hazikuchovywa, bali zilibandikwa moja moja, tano au zaidi kwenye kichupa kimoja. Kosa la kupitiliza kidogo tu halifichiki, kwa kuwa rangi ikishakatwa hairudi.

Enameli ilikuwa mtihani mwingine. Hizi ni rangi za kioo kilichosagwa, zinazopakwa kwa brashi na kuchomwa tanuruni hadi ziyeyuke na kushika. Juu ya shaba hazina taabu kubwa, kwa sababu shaba huvumilia moto kuliko rangi yenyewe. Juu ya kioo, moto unaoyeyusha rangi unakaribiana mno na ule unaolegeza kichupa, kwa hiyo ukizidi kidogo kichupa hukunjamana na ukipungua kidogo rangi haishiki. Kangxi alikuwa na hamu kubwa na sanaa hii. Padre Matteo Ripa, Mtaliano aliyekuwa akifanya kazi ikulu, anasimulia kwamba yeye na mchoraji Giuseppe Castiglione waliamriwa kuchora kwa enameli, wakaona wakifanikiwa watafungwa karakanani kutwa kucha, basi wakachora vibaya kwa makusudi mpaka mfalme mwenyewe akasema basi. Mwaka 1719 akafika Jean-Baptiste Gravereau, Mfaransa aliyeijua kazi hiyo kweli. Kufikia enzi ya Qianlong, mjukuu wa Kangxi (1736 hadi 1795), enameli juu ya kioo ilikuwa imefikia ubora ambao mimi sijauona ukirudiwa.

Vifaa vingine nitavipitia haraka, kwa maana havina mwisho: kaharabu, marijani, pembe, mwanzi, laki yenye vipande vya lulumizi, kofia ya mdomo wa hondohondo kutoka misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, hata ganda la chungwa dogo lililokaushwa. Kibuyu tu ndicho kinachonisimamisha. Mkulima alikifungia kibuyu kichanga, kikiwa bado kwenye mtambaa wake, ndani ya kalibu iliyochongwa nakshi upande wa ndani. Kibuyu kikakua kikijaza kila mfereji wa kalibu, na kilipokauka kikavunjiwa kalibu hiyo kikiwa na maua na maandishi ambayo hakuna kisu kilichoyagusa. Vingi viliharibika kabla ya kukomaa, na ndiyo maana vilivyo kamili ni adimu.

Kazi ya mawe na ile ya kuchora ndani sijazigusa bado. Akiuliza mtu nitaziendeleza.

Mkata Vito

Mkuu Kalibu, heshima yako. Mimi ni mkata vito, na umenigusa pale uliposema kazi iko ndani. Kutoboa tundu lililonyooka katika akiki au jade si ajabu, hata sisi tunatoboa. Swali langu ni mabega. Ukishapita shingo nyembamba, utayapanuaje mabega ya ndani yafuate umbo la nje bila kupasua jiwe, na hasa bila umeme wala vumbi la almasi?

Kalibu

Ndugu Mkata Vito, umeuliza swali la mwenye fani, nami nitalijibu kwa hatua.

Kwanza jiwe lilipewa umbo la nje kwa magurudumu ya chuma yaliyozungushwa kwa kanyagio za miguu. Kisha likaja keekee la bomba, mrija wa chuma uliolishwa mchanga mkali na maji, ambao ulikata duara na kuacha kiini katikati. Kiini kikavunjwa na kutolewa. Mpaka hapo tunalo tundu lililonyooka tu, na mafundi wa bei nafuu waliishia hapo. Ndiyo maana utakuta kichupa kizito cha jade ambacho nje kina mabega mapana na ndani hakina nafasi ya kutosha hata ugoro wa siku mbili.

Fundi mwenye subira alishika vyuma vyembamba vilivyopindwa ncha, kila kimoja kikiwa na pembe yake. Alianza na kilichopinda kidogo, akakipitisha shingoni, akatia rojo la mchanga mkali, akakizungusha kikisaga ukuta wa ndani. Nafasi ilipopatikana akaingiza kilichopinda zaidi, hadi kufikia kile kinachogeuka juu na kulisaga bega kwa chini. Mchanga ndio uliokata, chuma kiliubeba tu, kwa sababu jade ni ngumu kuliko chuma hicho na inapita vito vingi kwa kutopasuka. Mchanga uliochoka ulimwagwa, ukatiwa mwingine. Kwenye akiki au bilauri (jiwe liangavu kama kioo) inayopenya nuru alikiinua kichupa mwangani akaona unene uliobaki. Kwenye jade nzito alisikiliza sauti na kufuata hisia za mkono. Haya yote yalifanyika kabla ya msasa mkali wa kiwandani kupatikana mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo ugumu wa kutengeneza kichupa cha enzi ya Qianlong haulinganishwi na wa kile kilichotengenezwa baada ya hapo.

Kuhusu jade yenyewe, mwaka 1759 ni wa kukumbuka. Majeshi ya Qianlong yalipomaliza kuiteka nchi ambayo leo ni Xinjiang, jade ya Khotan na Yarkand ilianza kufika Beijing kwa wingi ambao haukuwapo kabla, na vichupa vya jade vikaongezeka. Ile jade ya kijani kibichi kutoka Burma ilikuja nyuma yake, na ilipata umaarufu mkubwa zaidi katika karne ya 19.

Akiki ina mchezo wake. Fundi alichagua jiwe lenye doa jeusi au la kahawia ndani ya weupe, akaondoa kila kitu kilicholizunguka mpaka doa likawa tumbili, kunguru au mvuvi aliyeketi. Mara nyingi alichonga mistari michache tu, na kazi iliyobaki aliiachia asili. Wa Suzhou walikwenda mbali zaidi wakachonga majabali, misonobari na wanazuoni kwa tabaka za kina. Vipo vichupa vya akiki vilivyochimbwa vikawa vyembamba kiasi kwamba vikiwekwa majini vinaelea. Ukikutana nacho, usikijaribu kwenye beseni la bati.

Mtu wa Bandari

Ndugu Kalibu, ahsante kwa uzi. Naomba kuongeza kisa kimoja kinachohusu wale mababu wa vichupa hivi uliowataja, yaani vichupa vya dawa, kwa maana kiliwahi kuwavuruga wasomi wa Ulaya kwa miaka mingi.

Mtaalamu wa mambo ya kale Ippolito Rosellini, aliyekwenda Misri mwaka 1828 pamoja na Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya kale ya Misri, alirudi na kichupa kidogo cha kauri chenye ua upande mmoja na maandishi ya Kichina upande wa pili, akidai kuwa kilitoka katika kaburi la mafarao ambalo halikuwahi kufunguliwa. Vingine vya namna hiyo vikajitokeza, na Mwingereza John Gardner Wilkinson akavitaja katika maandishi yake. Papo hapo pakazuka nadharia kwamba Misri ya mafarao ilifanya biashara na China zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla ya Kristo. Wajuzi wa Kichina walipoyasoma maandishi hayo wakakuta ni mistari ya mashairi, baadhi yake ikiwa ya washairi wa enzi ya Tang kama Wang Wei, aliyeishi katika karne ya 8 baada ya Kristo. Kauri yenyewe nayo ilikuwa changa kuliko mashairi. Vichupa hivyo vilikuwa vimefika Misri kwa njia ya kawaida ya biashara ya bahari, kupitia Bahari ya Shamu, na wachuuzi wa vitu vya kale wakawauzia wageni pamoja na hadithi ya kaburi.

Njia hiyo ya bahari ndiyo ileile iliyoleta kauri za Kichina Kilwa na Gedi. Nayo ilikuwa na mkondo wa kurudi: al-Mas'udi, katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zilipelekwa Oman na kutoka huko zikaendelea India na China.

Bi Rehani

Shukrani kwenu nyote. Mimi nina swali dogo, nami si mtaalamu. Nimeona video za mtu akichora picha ndani ya kichupa kwa kalamu iliyopinda. Je, hiyo ni sanaa ya kale au ni kivutio cha watalii kilichobuniwa juzi?

Kalibu

Bi Rehani, ni vyote viwili. Uchoraji wa ndani ulianza mwanzoni mwa karne ya 19, na mmoja wa wachoraji wa kwanza tunaowajua kwa jina ni Gan Xuanwen. Ipo ngano kwamba ofisa mmoja fukara, ugoro ulipomwishia, alikwangua mabaki yaliyoganda ndani ya kichupa kwa kijiti cha mwanzi, na mtu mwingine akaona mikwaruzo ile kutoka nje akapata wazo. Ni ngano nzuri, ila mimi siijengei historia juu yake.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kioo au bilauri ikishachimbwa, ndani hutiwa vipande vidogo vya chuma, mchanga mkali na maji, kisha kichupa hutikiswa kwa muda mrefu mpaka ukuta wa ndani upoteze utelezi wake na uwe na ukungu mweupe unaopokea wino kama karatasi. Mchoraji hushika kalamu ya mwanzi iliyochongwa nyembamba na kupindwa ncha, au yenye unywele mdogo uliofungwa mwishoni. Huipitisha shingoni, na kuanzia hapo macho yake yanatazama kwa nje huku mkono unafanya kazi kwa ndani. Kila kitu kinageuka. Anayechora kwenye karatasi huweka mandhari kwanza, kisha sura, kisha mboni ya jicho; huyu huanza na mboni ya jicho, kwa sababu mtazamaji atakuwa upande wa pili wa kioo na kinachopakwa kwanza ndicho kitakachoonekana mbele. Mashavu yanafuata, halafu nguo, halafu mlima wa nyuma. Maandishi nayo huandikwa kinyume ili yasomeke sawa. Akikosea jicho na kulifunika kwa rangi ya uso, kosa linabaki mbele milele.

Walioipandisha daraja sanaa hii walifanya kazi Beijing kuanzia miaka ya 1880. Zhou Leyuan alitia ndani ya vichupa mandhari ya milima na maji yenye utulivu wa michoro ya hati za hariri. Ma Shaoxuan (1867 hadi 1939) alikuwa bingwa wa sura za watu: aliwachora waigizaji wa opera na wakubwa wa serikali kwa wino mweusi wenye kivuli laini hata ukadhani unatazama picha ya kamera, na upande wa pili akaweka maandishi madogo yaliyopangika sawasawa. Ding Erzhong kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa msanii hasa kati yao, ingawa hakutengeneza vingi. Ye Zhongsan alipenda masimulizi ya riwaya na ngano kwa rangi kali, akawafundisha wanawe. Bi Rongjiu aliihamishia sanaa Boshan, mkoani Shandong, ambako kioo kilikuwa kikitengenezwa tangu zamani.

Nasaba ya Qing ilipoanguka, mwaka 1911 na 1912, ugoro ulipoteza heshima yake na sigara ikachukua nafasi. Vichupa vya mawe na vya kioo vikahamia kwa wauzaji wa vitu vya kale na kwa wageni, na uchoraji wa ndani ukabaki ndio tawi pekee lililoendelea kukua. Wana wa Ye Zhongsan walimfundisha Wang Xisan, aliyezaliwa mwaka 1938, naye akaipeleka Hengshui, mkoani Hebei, akabadilisha kalamu kwa kuiwekea mpini wa chuma unaopindika na kuingiza rangi za mafuta. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake ndio wengi wa hao unaowaona kwenye video. Mwaka 2006 serikali ya China iliiweka sanaa hii katika orodha ya kwanza ya urithi usioshikika wa taifa. Watalii wapo, na kazi mbovu za haraka zipo tele, lakini mkono wa bwana fundi unaonekana kwa dakika moja ukitazama nywele na ndevu.

Sinachuki

Naona mnasifia tu. Hivi vilikuwa vitu vya anasa vya watu waliokula jasho la wakulima. Heshen, yule kipenzi wa Qianlong, alipofilisiwa mwaka 1799 orodha zinazonukuliwa za mali yake zilitaja vichupa vya ugoro zaidi ya elfu mbili. Mtu mmoja, pua moja, vichupa elfu mbili!

Kalibu

Ndugu Sinachuki, kuhusu Heshen sina la kumtetea, na uchafu wake ulijulikana kwa Wachina wenyewe kabla yetu. Hata hivyo, ukivipima vichupa vyote vilivyobaki duniani kwa kipimo cha Heshen utakuwa umekosea hesabu. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 desturi ya kunusa ilikuwa imetoka ikulu ikaingia madukani. Kumkaribisha mgeni ugoro kulikuwa adabu ya kawaida ya mfanyabiashara. Jingdezhen, mji wa tanuri za kauri, ulitoa vichupa kwa wingi: vilivyofinyangwa kwa kalibu vikiwa na simba wanaocheza na mipira au watakatifu wa Kibudha, na katika enzi ya Daoguang (1821 hadi 1850) vilivyochorwa panzi, nyenje na majogoo. Vingi havikuwa ghali. Mimi naviheshimu hivi vya soko kuliko baadhi ya vya ikulu, kwa kuwa mchoraji wa nyenje alilazimika kumvutia mpita njia asiyemfahamu, wala hakuwa na hakika ya kulipwa.

Mteja Mpya

Mkuu, kuna mtu mtandaoni anauza kimoja chenye muhuri wa Qianlong chini yake. Muuzaji anasema muhuri ndio uthibitisho. Kingine anacho cha pembe za ndovu. Naomba ushauri kabla sijatuma pesa.

Kalibu

Usitume. Muhuri wa mfalme kwenye kitako hauthibitishi chochote kuhusu umri. Vichupa viliwekwa mihuri ya Qianlong katika enzi za warithi wake kama heshima kwa zama za nyuma, na baadaye kama mbinu ya biashara. Kuna pia alama ya Guyue Xuan, iliyohusishwa na vichupa vya kioo vya enameli, ambayo iliigwa kwa ustadi mkubwa hata ndani ya Beijing; Ye Bengqi, mmoja wa wana wa Ye Zhongsan, alitengeneza vya enameli vilivyowahi kuingia katika mikusanyo mikubwa vikidhaniwa kuwa vya karne ya 18. Halisi kabisa huuzwa kwa bei ambazo mimi na wewe tunazisoma tu: mwaka 2011 kichupa cha kioo cha enameli cha enzi ya Qianlong kutoka mkusanyo wa Mary na George Bloch kilinadiwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 3 za Marekani. Hakuna atakayekuuzia cha namna hiyo kwa ujumbe wa simu.

Mwombe muuzaji picha ya shingo kwa ndani na uzito wake kwa gramu. Kama unaweza kukishika, ingiza waya laini uliopindwa uone kama unaingia chini ya mabega. Tazama ukingo wa tundu, kwa sababu kilichotumika miaka mingi huwa na ulaini pale kijiko kilipopita, na mara nyingine mabaki ya ugoro yaliyoganda kitakoni. Kizibo usikitegemee hata kidogo. Vingi vilipotea na kubadilishwa. Ukishanunua cha kuchorwa ndani, kamwe usikioshe: rangi nyingi za zamani ni za maji, na picha ya wiki nzima huyeyuka kwa dakika chache.

Cha pembe achana nacho. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imezuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, China yenyewe ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa mwaka 2017, na kitu cha kale hakiruki mpaka wa nchi bila vibali hata kama ndovu wake alikufa miaka mia mbili iliyopita. Hondohondo mwenye kofia naye analindwa kwa kiwango cha juu kabisa cha mkataba huohuo.

Bi Rehani

La mwisho nisiwachoshe: kuna mahali ambapo bado watu wanavitumia kwa ugoro wenyewe, au vyote vimeishia kabatini?

Kalibu

Wapo, Bi Rehani, nao ni Wamongolia. Kwao kichupa bado ni sehemu ya salamu, hasa katika sherehe za mwaka mpya na pale mgeni anapoingia katika hema la familia. Vichupa vyao kwa kawaida ni vikubwa kuliko vya Beijing, vya akiki au jade, vyenye kizibo cha marijani nene, na hukaa katika mfuko mrefu wa hariri unaoning'inizwa mkandani. Mwenyeji hukitoa kwa mkono wa kulia, kizibo kikiwa kimelegezwa, na mgeni hukipokea kwa mkono wa kulia vilevile. Anayetumia ugoro huchota kidogo. Asiyetumia hakatai, bali hunusa juu ya kizibo, hukitazama na kukisifia kichupa, kisha hukirudisha bila kukifunga.